Sōsō no Frieren

Sōsō no Frieren (kwa Kijapani: 葬送のフリーレン) ni anime ya televisheni kutoka nchini Japani, inayotokana na manga yenye jina hilohilo iliyoandikwa na Kanehito Yamada na kuchorwa na Tsukasa Abe. Nje ya Japani inajulikana zaidi kwa jina la Kiingereza, Frieren: Beyond Journey's End. Ilitengenezwa na studio ya Madhouse chini ya mwongozaji Keiichirō Saitō. Msimu wa kwanza, wenye sehemu 28, ulirushwa hewani kuanzia tarehe 29 Septemba 2023 hadi tarehe 22 Machi 2024. Msimu wa pili ulianza Januari 2026.

Anime hii ni ya ulimwengu wa kubuni wenye wachawi, majoka na mazimwi, lakini inaanza pale ambapo hadithi nyingi za aina hiyo huishia: adui mkuu ameshauawa, mashujaa wamerudi, na mji mzima unasherehekea. Mhusika mkuu ni Frieren, mchawi wa jamii ya elfi ambaye ameishi zaidi ya miaka elfu moja na bado ana sura ya msichana. Wenzake wanazeeka na kufa. Yeye anabaki, na ndipo anapogundua kwamba alisafiri nao miaka kumi bila kuwafahamu vizuri.

Kuhusu maneno

Katika Kiswahili neno "mchawi" lina harufu mbaya, kwa kuwa humaanisha mtu anayeroga wenzake. Katika makala hii linatumika kwa sababu ndilo lililozoeleka katika kueleza hadithi za aina hii, lakini uchawi wa Frieren si urogi. Ni elimu: una vitabu, walimu, shule, mitihani na vyeti, na mtu huusoma kwa miaka kama anavyosoma udaktari. Elfi ni viumbe wanaofanana na wanadamu, wenye masikio marefu na umri usio na mwisho unaojulikana. Vibeti ni wafupi na wenye nguvu, nao huishi miaka mingi kuliko wanadamu ingawa hawafikii elfi.

Maadui wa hadithi hii wanaitwa hapa mazimwi. Neno hilo linawafaa kuliko "mashetani" au "mapepo", kwa sababu kama zimwi wa hekaya za Waswahili, nao hula watu, huvaa umbo la binadamu, na huzungumza kwa upole ili kumvuta mtu karibu.

Asili ya jina

Neno sōsō lina maana ya kusindikiza maiti au mazishi, kwa hiyo jina la Kijapani linaweza kueleweka kama "Frieren wa mazishi". Mtazamaji wa sehemu ya kwanza hudhani kwamba jina linahusu mazishi ya rafiki yake, na hilo ni kweli. Baadaye anajua kwamba ni pia jina ambalo mazimwi wenyewe wamempa Frieren, kwa kuwa yeye ndiye mchawi aliyewazika mazimwi wengi kuliko wote katika historia. Mtu mmoja ana sifa zote mbili. Maana hiyo mbili haimo katika jina la Kiingereza.

Karibu majina yote ya wahusika na mahali ni maneno ya Kijerumani, na mara nyingi yana maana inayohusu mwenye jina. Frieren ni "kuganda" au "kuhisi baridi". Heiter ni "mchangamfu", Eisen ni "chuma", Fern ni "mbali", Stark ni "mwenye nguvu", na Flamme ni "mwali wa moto". Lügner, zimwi anayejifanya mjumbe wa amani, ni "mwongo". Himmel maana yake ni "mbingu", na neno la Kiswahili linabeba vilevile maana mbili za lile la Kijerumani: anga inayoonekana juu, na makazi ya waliokufa. Hilo lina uzito katika hadithi, kwa sababu safari nzima ya Frieren ni kwenda kumtafuta Himmel mahali ambapo watu hupaita mbinguni.

Hadithi

Kundi la mashujaa lilikuwa na watu wanne: Himmel, shujaa wa kibinadamu, Heiter, kasisi mpenda pombe, Eisen, mpiganaji kibeti, na Frieren. Walisafiri miaka 10 hadi kaskazini mwa bara, wakamuua Mfalme wa Mazimwi, wakarudi. Usiku wa sherehe walitazama pamoja mvua ya vimondo inayotokea mara moja kila baada ya miaka 50. Frieren aliwaambia kwamba anajua mahali ambapo vimondo huonekana vizuri zaidi, akaahidi kuwapeleka huko mara ijayo, kana kwamba anazungumzia juma lijalo. Kisha akaenda zake kukusanya vitabu vya uchawi.

Alirudi baada ya miaka 50, na hakurudi kwa ajili ya watu: alikuwa amekuja kuchukua pembe la joka alilomwachia Himmel. Akamkuta mzee mfupi mwenye kipara na ndevu nyeupe, aliyelitunza pembe hilo miaka yote. Wanne hao walisafiri tena kwa miguu hadi mahali pale alipoahidi, wakaviona vimondo, na muda mfupi baadaye Himmel akafariki. Mazishini baadhi ya watu walinong'ona kwamba Frieren hana hata dalili ya huzuni. Wakati jeneza linafunikwa udongo, machozi yakamtoka. Alijua kwamba maisha ya wanadamu ni mafupi, na bado hakujitahidi kumjua mtu huyu.

Baada ya hapo hadithi inaruka miaka 20. Frieren anamtembelea Heiter, ambaye sasa ni mzee sana na anamlea Fern, msichana yatima wa vita. Heiter anamwomba amchukue Fern kuwa mwanagenzi wake, naye anakataa kwa kuwa safari ni hatari. Kwa hiyo kasisi anamtega: anamwomba afumbue maandishi ya kitabu cha kale kinachodaiwa kuwa na siri ya kufufua wafu, na katika muda wa ziada amfundishe msichana huyo kidogo. Kazi inachukua miaka kadhaa. Inapokwisha, siri ya kufufua haimo, Heiter yuko kitandani akingojea kifo, na Fern ameshakuwa mchawi anayeweza kujitegemea. Hilo ndilo alilolitaka mzee tangu mwanzo.

Lengo la safari mpya linatolewa na Eisen. Katika maandishi ya Flamme, mwalimu wa Frieren aliyekufa karne nyingi zilizopita, imeandikwa kwamba upande wa kaskazini kabisa kuna mahali paitwapo Aureole ambapo roho za waliokufa hupumzika, na kwamba Flamme alizungumza huko na wenzake wa zamani. Aureole iko Ende, palepale palipokuwa na ngome ya Mfalme wa Mazimwi. Eisen anamtaka Frieren aende akazungumze na Himmel. Hivyo Frieren na Fern wanaanza kupita upya njia ileile ya zamani, wakiungana na Stark, kijana mwoga mwenye nguvu za ajabu aliyefunzwa na Eisen.

Kutoka hapo msimu wa kwanza una sehemu kubwa tatu. Ya kwanza ni vita katika mji unaotawaliwa na Graf Granat, ambapo mazimwi wametuma wajumbe wa amani. Ya pili ni mwendo wa polepole kupitia vijiji na majira ya baridi, ambapo kasisi Sein anasafiri nao kwa muda akimtafuta rafiki yake wa utotoni. Ya tatu ni mtihani wa wachawi wa daraja la kwanza katika mji wa Äußerst, kwani bila cheti hicho hawaruhusiwi kuendelea kaskazini. Fern anafaulu na Frieren anafelishwa na Serie, elfi mkongwe aliyekuwa mwalimu wa Flamme. Serie humpa kila aliyefaulu uchawi mmoja anaoutaka, hata kama ni wa kuangamiza au wa utajiri. Fern anachagua uchawi wa kufua nguo, na Serie hafurahi hata kidogo.

Wahusika

Frieren (sauti ya Atsumi Tanezaki) hajachorwa kuwa mtu wa hekima tupu, ingawa umri wake ungeruhusu. Hawezi kuamka asubuhi, hununua takataka kwa fedha za safari, na hunaswa mara kwa mara na masanduku ya hazina ambayo kwa kweli ni majini yenye meno, ingawa uchawi wa kuyatambua humwambia kwa uhakika wa asilimia 99 kwamba ni mtego. Anaingia kwa sababu ya ile asilimia moja. Hukusanya uchawi usio na faida yoyote kubwa, kama vile wa kusafisha sanamu za shaba au wa kugeuza zabibu tamu kuwa kali. Fern (Kana Ichinose) ndiye anayemwamsha, kumvika na kushika mfuko wa fedha. Mwanafunzi amekuwa mlezi wa mwalimu wake. Stark (Chiaki Kobayashi) anatetemeka kabla ya kila pambano na hakimbii.

Himmel (Nobuhiko Okamoto) anakufa katika sehemu ya kwanza, na bado ndiye mhusika anayekuwa zaidi katika hadithi nzima. Mtazamaji anamjua kwa vipande, kama Frieren anavyomjua. Mwanzoni anaonekana mtu wa kujipenda, anayeomba kusimamishiwa sanamu kila kijiji na kutumia saa nyingi kuchagua mkao. Kadiri kumbukumbu zinavyoongezeka ndivyo majigambo yake yanavyobadilika sura. Katika kijiji kimoja kuna upanga uliochomekwa mwambani, ambao kwa mujibu wa masimulizi ni shujaa wa kweli tu awezaye kuuchomoa. Watu wote wanaamini Himmel aliuchomoa. Ukweli ni kwamba ulimshinda, akaendelea na upanga wa kuiga, na kwa huo akamshinda Mfalme wa Mazimwi. Upanga halisi bado umechomekwa palepale.

Kumbukumbu na mauti

Katika anime hii miaka haihesabiwi kwa utawala wa wafalme wala kwa vita. Maandishi kwenye kioo husema ni mwaka wa ngapi tangu kifo cha shujaa Himmel. Ni jambo dogo, na ni rahisi kulipita bila kulitazama, lakini linamweka marehemu mmoja kuwa mwanzo wa kalenda. Kila tukio linapimwa kwa umbali wake kutoka kaburi lile.

Swali ambalo hadithi inalishika tena na tena ni nani atakayewakumbuka watu, na kwa muda gani. Fern alipokuwa mtoto alisimama ukingoni mwa genge akitaka kujirusha baada ya kupoteza wazazi. Heiter hakumwambia kwamba maisha ni mazuri. Alimweleza kwamba akifa, kumbukumbu za wazazi wake alizozibeba zitakufa pamoja naye. Na yeye mwenyewe Heiter anajikaza kuishi kwa sababu hiyohiyo, maana akiondoka yataondoka na mambo ya Himmel anayoyajua yeye. Hoja hiyo ndiyo inayobeba mfululizo wote: aliye hai ni chombo kilichotunza wengine.

Sanamu za Himmel zinaeleweka kwa njia hiyo pia. Frieren alipomuuliza kwa nini anataka ziwe nyingi hivyo, alitoa kwanza jibu la mzaha kuhusu uzuri wa sura yake, halafu akaongeza kwamba sababu kubwa ni ili Frieren asiwe peke yake katika wakati ujao. Wanadamu wote watakaomkumbuka watakuwa wamekufa, lakini yeye atakuwa anapita vijijini. Katika mojawapo ya sehemu za mwanzo, Frieren anasafisha sanamu iliyosahaulika porini na kutaka kuipambia maua ya buluu ya kijijini kwao Himmel, ambayo Himmel aliwahi kusema angependa amwonyeshe. Maua hayo yanadhaniwa kuwa yametoweka. Frieren anayatafuta kwa miezi, mpaka Fern anaogopa kwamba yuko tayari kuyatafuta kwa miaka mingi, na mwisho anayapata.

Lakini hadithi haidai kwamba sanamu zinatosha. Katika majira ya baridi wasafiri wanakutana na Kraft, elfi mtawa aliyewahi kuwa shujaa zamani za kale. Hakuna aliye hai anayejua alichofanya. Kraft amejikabidhi kwa imani kwamba Mungu wa kike wa ulimwengu ule atamsifu atakapokufa, kwa sababu hakuna mwingine aliyebaki wa kufanya hivyo.

Mfano mkali zaidi, kwa maoni ya watazamaji wengi, ni wa mzee Voll. Huyu ni kibeti anayelinda kijiji kimoja cha wanadamu kwa miaka 400, kwa sababu mkewe, aliyekuwa binadamu, alikipenda. Frieren anapomtembelea, mzee anakiri kwamba hakumbuki tena sura ya mkewe, wala sauti yake, wala jinsi alivyokuwa akimtazama. Ahadi ndiyo iliyobaki, na anaendelea kuitimiza. Sehemu hiyo haina pambano wala fumbo la kufumbuliwa. Inamwacha mtazamaji na swali kama upendo unaweza kudumu baada ya kumbukumbu zake kufutika, na haimjibu.

Kuna na kitu cha pete. Zamani Himmel alimtaka Frieren achague pambo dukani, naye akaokota pete yenye nakshi ya ua fulani la majini bila kufikiri. Himmel alipiga goti na kumvisha. Miaka 80 baadaye Stark anamnunulia Fern bangili yenye ua hilohilo bila kujua maana yake, na ndipo mtazamaji anaelezwa kwamba katika nchi ile ua hilo ni ishara ya upendo wa milele. Himmel alijua. Frieren hakujua, na anime inakataa kabisa kutwambia kama sasa amejua. Inamwonyesha tu akihangaika kuitafuta pete iliyopotea na kufarijika anapoipata.

Uchawi na mazimwi

Wakati pia ndio unaoendesha vita. Zimwi Qual alibuni uchawi wa kuua ambao hakuna ngao iliyoweza kuuzuia, na kundi la Himmel halikuweza kumuua. Frieren alimfungia tu kwenye jiwe. Anapofunguliwa baada ya miaka 80, Qual anashambulia kwa silaha yake ileile, na Fern, msichana mdogo, anaizuia. Katika miaka hiyo wachawi wa kibinadamu walikuwa wameuchunguza uchawi wake, wakatunga kinga dhidi yake, wakaufanya somo la kawaida. Sasa kila mwanafunzi anautumia. Ni mojawapo ya maelezo bora ya historia ya elimu yaliyowahi kuonyeshwa katika anime, na linachukua dakika chache tu.

Pambano la Frieren na Aura, zimwi mwenye mizani inayopima roho, linafuata mantiki hiyo. Mwenye nguvu kubwa za uchawi humtawala mwenye ndogo. Aura ameishi zaidi ya miaka 500 na anamwona Frieren kuwa dhaifu. Lakini Flamme alimfundisha Frieren kuficha nguvu zake saa zote, maisha yake yote, kwa kuwa mazimwi hupimana vyeo kwa nguvu wanazozionyesha na hawawezi kufikiri kwamba mtu mwenye nazo angezificha. Udanganyifu ulioandaliwa kwa zaidi ya miaka elfu unamaliza pambano mara moja.

Kuhusu mazimwi wenyewe hadithi ina msimamo mkali. Wana lugha, lakini lugha kwao ni chambo. Katika kumbukumbu moja mtoto zimwi anaomba asiuawe kwa kumwita mama yake, na wanakijiji wanamwonea huruma. Baadaye anaua tena, na anapoulizwa kwa nini alitumia neno "mama" wakati mazimwi hawana malezi ya wazazi, anaeleza kwamba ni neno linalowafanya wanadamu wasite. Baadhi ya watazamaji wameona ni ukatili kwa hadithi yenye upole kama hii kuwa na viumbe wasioweza kabisa kuelewana na wengine, na mjadala huo haujaisha. Ikumbukwe hata hivyo kwamba Frieren naye anashindwa kuelewa mioyo ya watu. Tofauti yake na mazimwi ni kwamba yeye anajisumbua kujifunza.

Utayarishaji

Kabla ya kazi hii Saitō alikuwa ameongoza Bocchi the Rock!, anime ya vichekesho ya mwaka 2022 kuhusu bendi ya wasichana. Mpangilio wa hadithi ulifanywa na Tomohiro Suzuki, na usanifu wa wahusika na Reiko Nagasawa. Kurasa za manga ni tulivu na zina maneno machache. Studio haikuzijaza kelele. Ilichofanya ni kuongeza mambo madogo ya mwili: jinsi Fern anavyofunga kamba za viatu, jinsi Eisen anavyokaa chini kwa tahadhari ya mzee. Muda mrefu hupita kwa mfululizo wa picha zisizo na mazungumzo, hivyo nusu mwaka kwa Frieren inaweza kuwa nusu dakika kwa mtazamaji. Ndivyo mtazamaji anavyoanza kuuhisi muda kama elfi. Vita vinapotokea huwa vya kasi na vya ufundi mkubwa wa uchoraji, lakini huisha haraka, na mara nyingi hufuatwa na chakula.

Sehemu nne za kwanza zilirushwa pamoja kama filamu ya saa mbili katika kipindi cha Ijumaa cha Nippon TV ambacho kwa kawaida huonyesha filamu. Haikuwahi kutokea kabla ya hapo kwa mfululizo mpya wa anime kuzinduliwa katika kipindi hicho. Uamuzi huo uliufaa mwendo wa hadithi: sehemu ya kwanza pekee inapita zaidi ya miaka 70, na ni vigumu kwa mtazamaji kujua safari inaelekea wapi mpaka Eisen aseme neno Aureole katika ya nne.

Muziki ulitungwa na Evan Call, mzaliwa wa Marekani anayefanya kazi nchini Japani, anayejulikana pia kwa muziki wa Violet Evergarden. Wimbo wa kwanza wa kufungulia ni "Yūsha" wa kundi la Yoasobi, na wa pili ni "Haru" wa Yorushika. Wimbo wa kufungia ni "Anytime Anywhere" wa mwimbaji milet.

Manga

Manga ilianza kuchapishwa kwa mfululizo tarehe 28 Aprili 2020 katika Weekly Shōnen Sunday, jarida la kampuni ya Shogakukan, na imewahi kusimama kwa vipindi kadhaa. Toleo la Kiingereza linachapishwa na Viz Media. Mwaka 2021 ilipata tuzo ya Manga Taishō, na mwaka huohuo watunzi wake walipewa tuzo ya watunzi wapya ya Tezuka Osamu. Mwaka 2024 ilishinda tuzo ya manga ya Kodansha katika kundi la shōnen, yaani kazi zinazolengwa kwa wavulana, jambo la kuvutia kwa hadithi ambayo mhusika wake mkuu ni mwanamke wa miaka elfu anayeomboleza. Kufikia mwaka 2024 nakala zaidi ya milioni 20 zilikuwa zimetolewa.

Mapokezi

Wakati msimu wa kwanza ukiendelea, anime hii ilipanda hadi nafasi ya kwanza katika orodha ya alama za watumiaji wa tovuti ya MyAnimeList na kuishusha Fullmetal Alchemist: Brotherhood, iliyokuwa imeishika nafasi hiyo kwa miaka mingi. Nje ya Japani ilitazamwa hasa kupitia huduma ya Crunchyroll. Sifa zilizotajwa mara nyingi ni utulivu wake, ucheshi usiolazimishwa, na namna inavyoonyesha huzuni bila kilio kirefu.

Lawama zimehusu zaidi sehemu ya mtihani, inayochukua takriban theluthi ya mwisho ya msimu. Inaingiza wahusika wengi wapya kwa mkupuo na inafanana na mashindano ya anime nyingi za vita. Lawama hiyo ina msingi, ingawa sehemu hiyohiyo ndiyo inayomleta Denken, mchawi mzee wa mahakama ya kifalme ambaye anataka cheti ili tu aweze kwenda kulizuru kaburi la mkewe katika eneo lililofungwa. Mzee huyo anaishia kupigana kwa ngumi baada ya nguvu zake za uchawi kuisha, akiwashangaza vijana.

Msimu wa pili, ulioanza Januari 2026, uliongozwa na Tomoya Kitagawa, huku Saitō akibaki kama msaidizi. Unaanzia pale wasafiri watatu wanapoondoka Äußerst kuelekea uwanda wa juu wa kaskazini.